Ngoma za Amampondo kwenye Bible of Dreams: ni pambo au ndo wimbo wenyewe?

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga: "Shikamoo mwalimu. Binamu yangu yuko Ujerumani kanitumia albamu ya Juno Reactor inaitwa Bible of Dreams, anasema ni Goa trance na ndani kuna wapiga ngoma wa Sauzi. Nimeisikiliza naona traki ndefu haziishi, na zile ngoma naona kama wamezibandika tu kama pambo. Watu wanasifia nini hapo? Niisikilizeje? Na mi nina kikundi cha ngoma hapa mtaani, nataka nikirekodi na bit za kompyuta, kuna cha kujifunza humo?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la pambo manake ndo lenye uzito, hayo mengine yanalifuata. Jibu langu ni hapana, si pambo, na ukishasikia kwenye Conga Fury, ile traki ya pili, nani anabeba na nani anabebwa, albamu nzima itakufungukia. Ila hutasikia hilo kama hujui kwanza Goa trance ya kawaida, yaani ule muziki wa mashine wa kukesha unacheza, inajengwaje, kwa sababu hawa jamaa walivunja utaratibu uliokuwepo, sasa kama utaratibu wenyewe huujui utaona ni kelele tu.

Goa yenyewe iko pwani ya magharibi ya India, Wareno waliishika mpaka 1961 India ilipoichukua. Wagoa sisi tunawafahamu sana, walikuja Zanzibar, Mombasa, Nairobi, Dar, walikuwa makarani, mafundi cherehani, wapiga picha, hata bendi ya Sultani wa Zanzibar wapigaji wake walikuwa Wagoa, na Pio Gama Pinto wa Kenya aliyeuawa 1965 asili yake huko huko. Lakini usichanganye, hii trance si muziki wa wazee hao. Hii ilianzia kwa wageni, mahipi wa Ulaya na Marekani waliotia nanga kwenye fukwe kama Anjuna, wakawa wanakesha na muziki mpaka jua linachomoza, na mmoja wa waliokuwa wanapiga pale alikuwa Goa Gil, Mmarekani wa California, amefariki 2023. Miaka ya themanini walikuwa wanakata vipande vya nyimbo za mashine za Ulaya, wanatoa sehemu za kuimba wanabakiza bit, wanarekodi kwenye kaseti. Baadaye wakahamia DAT, zile kaseti ndogo za dijitali, kwa sababu kwenye joto na mchanga wa ufukweni santuri zinapinda.

Shika hiyo habari ya DAT kwa sababu ndo inajibu malalamiko yako ya traki zisizoisha. Kwenye santuri DJ anaongeza au kupunguza spidi akalinganisha nyimbo mbili zikaenda pamoja, ila zile mashine za DAT hazikumpa nafasi hiyo, kwahiyo wimbo ulipigwa mwanzo mpaka mwisho na kuunganisha kulifanyika kwenye mikia tu, pale ambapo bit haipo. Ndo maana traki ya Goa trance inaingia polepole na moshi moshi, inajengeka, inapanda, inashuka, inatoka polepole. Dakika saba nane ni kawaida. Sio kwamba prodyuza alisahau kuzima, yaani wimbo ule ni safari moja kamili iliyotengenezwa kupigwa nzima, na ukiusikiliza kama wimbo wa redio wa dakika tatu unaosubiri kiitikio utachoka bure.

Ndani yake sasa. Kiki inapiga kila pigo, moja mbili tatu nne, haibadiliki, spidi ni mapigo kati ya 135 na 150 kwa dakika. Katikati ya kiki na kiki kuna besi ya noti fupi fupi, pigo moja limegawanywa mara nne, hiyo ndo injini. Juu yake sintesaiza zinapanda tabaka kwa tabaka, kila baada ya ba nane au kumi na sita (ba moja ni mapigo manne) kitu kinaingia au kinatoka au filta, ile ya kuziba na kuachia sauti, inafunguliwa kidogo kidogo mpaka ile sauti iliyokuwa inaguna kwa mbali inakuja kukupigia kelele usoni. Na melodi zao wanapenda sana skeli moja ambayo sikio la mtu wa Tanga halihitaji kufundishwa, ni ile ya Hijazi, unaisikia kwenye taarabu, kwenye udi na fidla. Wazungu wanaisikia kama kitu cha ajabu cha mashariki, we umekua nayo. Kwahiyo upande wa melodi una mtaji tayari, tatizo lako liko kwenye mdundo, na hapo ndo penye utamu.

Ona sasa, kwenye muziki huo wote mashine ndo mwenye nyumba. Mdundo umepangwa na sikwensa, yaani mashine ya kupanga mapigo, kila pigo liko kwenye mstari sawasawa, nguvu ile ile, sauti ile ile. Prodyuza wengi wa miaka ile wakitaka "Afrika" au "mashariki" walichukua kipande cha sekunde mbili cha ngoma au sauti ya mtu, wakakikata, wakakilaza juu ya huo mstari. Hiyo ndo pambo unayoisema wewe. Ipo, imejaa, na una haki ya kuishuku kila unaposikia ngoma ya ngozi kwenye bit ya Ulaya.

Juno Reactor hawakutokea huko. Ni kundi la London, lilianza 1990, kiongozi wake Ben Watkins, ila nasema kundi na nina maana hiyo kwa sababu tangu mwanzo wazo lilikuwa kushirikiana na wasanii wa aina tofauti, si wanamuziki peke yao. Moja ya kazi zao za mwanzo ilikuwa mradi wa sanaa uliohusu kombora kubwa lililostaafishwa, la urefu wa futi 70, wao walikuwa watengeneze sauti za kwenda nalo. Watu wameingia na kutoka humo, Mike Maguire aliyekuwa DJ, Stefan Holweck wa Total Eclipse ya Ufaransa, Johann Bley, Jens Waldebäck, Watkins ndo nguzo inayobaki. 1993 wakatoa Transmissions, 1994 wakatoa Luciana ambayo ni traki moja tu ya zaidi ya saa nzima, haina hata bit, 1995 Beyond the Infinite. Hiyo ya 1995 ndo Goa trance ya kitabuni, na ningekuwa wewe leo ningeanza hapo, sikiliza Feel the Universe mara moja kwa utulivu uone mashine ikiwa peke yake inavyokaa. Halafu ndo uende Bible of Dreams ya 1997.

Na lebo iliyozitoa hizi mbili, Blue Room Released, ilikuwa na undugu na kampuni ya kutengeneza spika. Nakutajia kwa sababu watu hawa walikuwa wanawaza muziki kwenye spika kubwa zenye besi ya kweli, sasa kama umeisikiliza kwa spika ya simu basi samahani lakini hujaisikiliza bado, nusu ya albamu iko chini kule ambako simu haifiki. Tafuta hedifoni nzuri au nenda studio kwa rafiki.

Tuje kwa Amampondo. Hawa ni kikundi cha Langa, kitongoji cha Cape Town, kilianzishwa 1979 na Dizu Plaatjies, mtu wa asili ya Upondo kule Eastern Cape, na ndo maana ya jina. Marimba, ngoma, kucheza, kuimba kwa kuitikiana. Yaani Watkins alipokutana nao walikuwa na jina lao na karibu miaka kumi na nane ya kazi, wakati Juno Reactor yenyewe ilikuwa na miaka saba. Katika wapigaji utakaowaona kwenye shoo za Juno Reactor miaka iliyofuata yupo Mabi Thobejane, mzee aliyewahi kupiga kwenye kundi la Malombo na mpiga gitaa Philip Tabane, na huyo ukimtafuta umsikilize peke yake utanishukuru, anapiga ngoma kama mtu anayeongea na ngozi imjibu. Kwahiyo hapa hakuna fundi na malighafi. Ni wakubwa wawili wamekaa chumba kimoja.

Sasa Conga Fury, isikilize hivi. Mara ya kwanza puuza kabisa sintesaiza, shika ngoma peke yake, tafuta ngoma moja tu kati ya zile, ya kati, wala isiwe ile kubwa, uifuate kama unavyofuata mtu mmoja kwenye umati. Utagundua haipigi sawa. Pigo hili limegusa katikati ya ngozi, linalofuata limegusa ukingoni, la tatu limechelewa kidogo sana, kidogo ambacho huwezi kukihesabu ila mwili unakijua. Hakuna ba mbili zinazofanana. Mara ya pili geuza, shika kiki ya mashine peke yake, ile haitingishiki, sawa sawa sawa. Mara ya tatu acha vyote viingie pamoja usikilize ule mwanya kati yao, pale ambapo mkono umekuja mbele ya mashine kidogo au umebaki nyuma. Mwendo wa ile traki unaishi humo kwenye mwanya. Ukizitoa ngoma kinachobaki ni kiki na kelele za filta, hakisimami chenyewe. Kwenye Goa trance ya kawaida kinachokubeba ni besi, hapa kinachokubeba ni mikono, na sintesaiza ndo imekaa nafasi ya pambo! Yenyewe inalialia juu, inapita, inarudi, lakini anayeamua traki inaenda wapi ni ngoma na zile sauti za watu zinazoitikia.

Niwe mkweli kwenye kitu kimoja hapo. Kwenye saa, yaani spidi yenyewe, mashine bado ndo bosi, trance haikubali tempo ipande na kushuka kama ngoma ya uwanjani inavyofanya wachezaji wakipata moto. Wapiga ngoma wamekubali kubanwa hapo. Hicho ni kitu wametoa, na mtu wa ngoma kama wewe una haki ya kukililia. Lakini ndani ya ile spidi iliyobanwa mwendo ni wao, na mi naona ni mabadilishano ya haki, kila upande umeacha kitu. Watkins aliacha ile besi ya kukimbia iliyokuwa ndo chapa ya aina nzima ya muziki, na mwaka 1997 kwa mtu wa Goa trance kuacha besi hiyo haikuwa jambo dogo, kulikuwa na wasikilizaji ambao hawakutaka kingine.

Na kipimo changu kingine cha pambo ni hiki: je, majina yao yapo, na je, walipanda jukwaani? Amampondo jina lao liko wazi, na baada ya kurekodi walizunguka Marekani pamoja na Juno Reactor wakifungua shoo za Moby, mwanamuziki wa elektroniki wa huko. Pambo huwezi kulipeleka jukwaani likapige saa nzima mbele ya watu. Linganisha na yaliyokuwa yanatokea miaka hiyo hiyo. Kundi la Deep Forest la Ufaransa 1992 walitoa Sweet Lullaby iliyouza dunia nzima, ile sauti ya bembelezi ni ya mama mmoja wa visiwa vya Solomon anaitwa Afunakwa, alirekodiwa na mtafiti wa muziki, Hugo Zemp, na watu wakacheza wimbo ule miaka bila kujua jina lake, wengi walidhani ni sauti ya mbilikimo wa Afrika ya Kati. Kundi la Enigma nao na Return to Innocence, sauti ni za wazee wa kabila la Amis kule Taiwan, Difang na mkewe Igay, ikabidi waende mahakamani ndo yakaisha kwa makubaliano 1999. Nyimbo zote hizo mbili ni nzuri masikioni, sikatai, ila ukizisikiliza baada ya Conga Fury utasikia tofauti hata kama hujui hizo kesi. Sauti iliyokatwa haiwezi kujibu. Mpiga ngoma aliyepo chumbani anasikia sintesaiza imepanda naye anapandisha mkono.

Traki nyingine nitapita haraka. Jardin de Cecile inayofungua ni mlango, haina haraka, usiiruke. God Is God ndo ilitoka kama singo na hata kundi la Front 242 la Ubelgiji waliifanyia rimiksi, ina sauti ya mwanamke yenye mapambo ya Kiarabu ambayo kwa sikio la pwani itakaa vizuri tu, ila mi kwangu inapendeza zaidi kuliko inavyosisimua, ni kama sinema. Komit naipenda kwa uzito wake. Kaguya Hime jina limetoka kwenye hadithi ya kale ya Kijapani ya binti aliyeokotwa ndani ya mwanzi. Katikati hapo albamu inalegea kidogo, kuna dakika kadhaa kwenye Swamp Thing ambazo ningezikata. Shark inafunga. Traki nane, karibu saa nzima, na tafadhali isikilize kwa mpangilio wake angalau mara moja usiku umetulia, usiiweke shafo.

Ukishaizoea nenda Shango ya 2000, hapo ushirikiano umekua, Pistolero ina gitaa la Steve Stevens, yule anayempigia mwimbaji wa roki Billy Idol, na kuna Badimo na Song for Ancestors, majina tu yanakuonyesha ile Sauzi haikuwa ya kupita. Na kumbe Juno Reactor umeshawasikia bila kujua, ile sehemu ya kukimbizana kwenye barabara kuu kwenye filamu ya Matrix Reloaded ya 2003, muziki wa hapo ni wao na Don Davis, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo.

Sasa kikundi chako. Hapa nitakaa kidogo manake naona vijana wengi wanakosea mlango wa kuingilia. Unafungua kompyuta, unatengeneza bit mpaka imekamilika, kiki besi kila kitu, halafu ndo unawaita wazee na ngoma zao unawapa hedifoni unawaambia pigeni hapo juu. Ushawafanya pambo kabla hawajagusa ngozi. Nafasi zote umeshazijaza, watabaki kuziba viraka. Anza nao. Rekodi ngoma peke yake kwanza, dakika kumi, kumi na tano, waache wapate moto, tafuta ile sehemu ambayo mwendo umekaa ndo ujue spidi yao ni ngapi, ndo ujenge bit kwenye spidi hiyo. Ukiona ngoma yenyewe inagawa pigo mara tatu, na ngoma nyingi za kwetu ziko hivo, usiilazimishe iingie kwenye bit ya kugawa mara nne kama za trance au singeli, itengenezee bit yake, au acha zote mbili zigombane makusudi lakini ujue unafanya nini. Na usije ukakwontaizi zile ngoma! Ukishavuta kila pigo ukaliweka kwenye mstari umenunua wapiga ngoma saba ukapata mashine moja.

Pili, besi. Kiki ya kompyuta na msondo, ile ngoma ndefu, vinakaa chumba kimoja kule chini, ukiviacha vyote vinene vinakulana, miksi inakuwa tope. Amua mmoja. Kama msondo una sauti nzuri basi kiki ipunguze tumbo, ibaki ile ncha ya juu tu ya kukata, uache msondo ndo uwe besi yako. Chapuo na ndogo nyingine hazina shida, zinakaa juu huko. Na ngozi ziwambwe vizuri, ziote moto kabla, kisha uangalie tena katikati ya kurekodi, manake studio yenye kiyoyozi ngozi inabadilika, unakuja kuunganisha vipande unakuta ngoma ile ile ina sauti mbili.

Maiki usiweke moja kwa kila ngoma kama huna uzoefu, utapata fujo. Weka mbili mbele ya kikundi kizima, mita mbili hivi, juu kidogo ya vichwa, na moja ya tatu karibu na msondo, tumbo lake liangalie maiki. Wakae nusu duara kama wanavyokaa siku zote, usiwatenganishe kwenye vyumba, wanapigana macho wale, ndo wanavyojua nani anabadilisha. Kama lazima wasikie bit, mpe hedifoni mmoja tu, yule kiongozi, wengine wamfuate yeye.

Na kabla hujawasha chochote andikeni karatasi, majina ya wapigaji wote, nani kapata nini sasa hivi na nani anapata asilimia ngapi wimbo ukienda, kisha mpeleke COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, mkasajili kwa majina hayo hayo. Ukishapata rekodi ya kwanza, hata kama ni mbichi, nitumie ile ya ngoma peke yake kabla hujaweka bit, nikwambie spidi naisikia wapi.